Hifadhi zifunguliwe kwa mifugo na mbao? Kwanza tuulizane hifadhi ipi, na ng'ombe wa nani

Kila kiangazi kikikaza mjadala unarudi uleule. Ng'ombe wamekamatwa hifadhini, mbunge anasimama anasema wananchi wake wananyanyaswa, waziri anajibu sheria ni sheria, na huku mitandaoni watu wanajipanga kambi mbili, wa "watu kwanza" na wa "wanyama kwanza", wanatukanana siku mbili tatu mpaka ije stori nyingine. Mi huu mjadala nimeufuatilia muda sasa, na nachokiona ni kwamba watu hawapingani kiasi kile wanachodhani. Wanajibu maswali tofauti. Mmoja kichwani ana Serengeti na nyumbu wanavuka mto, mwenzake ana kijiji chake kilichoamka asubuhi kikajikuta ndani ya ramani ya hifadhi, wa tatu anawaza ng'ombe elfu tatu wa kigogo fulani ambaye yuko zake mjini anakula kiyoyozi. Wote watatu ukiwauliza "hifadhi zifunguliwe?" watakupa jibu, na majibu hayo ukiyajumlisha hupati kitu.

Sasa tufungue kidogo hili fundo, hasa kwa Tanzania maana ndo naijua, na Kenya nitaigusa kwenye misitu kwa sababu wenzetu wale wameshalipigania hili kwa kelele kubwa kuliko sisi.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui, ardhi iliyohifadhiwa kwetu haiko daraja moja. Hifadhi ya taifa, zile za TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), ndo ngumu kuliko zote, huishi humo, hulishi, hulimi, hukati mti, ni utalii na utafiti basi. Pori la akiba, ambalo liko chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali ila ng'ombe wako hapana (na hapa ndo mfugaji anauliza, yaani mzungu kuua simba ruksa, mimi ng'ombe kula majani kosa? swali hilo sijawahi kusikia mtu akilijibu vizuri kwenye mkutano wa hadhara). Halafu kuna pori tengefu, na jamani utata wote uko hapa. Kwa sheria ya wanyamapori ya 1974 watu walikuwa wanaishi na kulisha kwenye mapori tengefu bila shida, kilichodhibitiwa ni uwindaji. Ikaja sheria ya 2009 ikasema kulisha mifugo humo bila kibali ni kosa. Wakati huohuo ndani ya mapori tengefu mengi kulikuwa na vijiji vilivyosajiliwa, vina shule, vina zahanati, vina mwenyekiti wa CCM. Sheria yenyewe iliona hilo tatizo, ikampa waziri miezi 12 apitie mapori yote ili ardhi ya kijiji isibaki ndani ya pori tengefu. Miezi 12 ikapita, na mingine mingi baada ya hapo.

Chini ya hayo kuna jumuiya za hifadhi za wanyamapori, ambapo vijiji vyenyewe vinatenga sehemu ya ardhi yao, kuna misitu ya hifadhi ya serikali kuu chini ya TFS (wakala wa misitu), kuna misitu ya vijiji. Na kuna Ngorongoro, ambayo ni ya peke yake. Mwaka 1959 ilitenganishwa na Serengeti, Wamasai waliotolewa Serengeti wakaambiwa huku mtaishi na mifugo yenu, pamoja na wanyama. Wakati huo walikuwa kama 8,000, miaka ya karibuni serikali inataja watu zaidi ya laki moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia "wafugaji wanataka kuingia hifadhini", muulize hifadhi daraja gani na ilipata hilo daraja lini. Maana kuna mfugaji aliyeingia hifadhini, na kuna hifadhi iliyoingia kwa mfugaji, na mbele ya hakimu hao wawili wanaonekana sawa tu.

Loliondo, kule wilaya ya Ngorongoro, ndo mfano mzuri. Pori tengefu lilikuwa na kilomita za mraba 4,000 hivi. Juni 2022 serikali ikakata 1,500 ikaweka vigingi, likawa pori la akiba la Pololeti. Siku ya kuweka vigingi palichafuka, askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakavuka kwenda Kenya kutibiwa. Serikali ikasema sisi tumewaachia wananchi kilomita 2,500, tumewapa. Wananchi wakasema mmetunyang'anya 1,500, tena zile zenye maji na majani ya kiangazi. Ukiangalia vizuri hesabu ni moja, hakuna anayedanganya, tofauti ni wapi unaanzia kuhesabu. Ukianzia kwenye ramani ya wanyamapori watu wamepewa, ukianzia kwenye ramani ya vijiji watu wamenyang'anywa. Sasa we mtu wa Dar ambaye hujafika kule unaambiwa utoe maoni, utatoa maoni gani kama hujaambiwa kwamba kuna ramani mbili?

Na maoni ya umma kwetu ukitaka kuyasoma, we angalia wanasiasa wanafanya nini na wanafanya lini. Mwaka 2013 Watanzania walikuwa na hasira na ujangili kweli kweli, na kwa haki kabisa, tembo wetu walishuka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 mpaka 43,000 na ushee mwaka 2014. Ikaja Operesheni Tokomeza ya kusaka majangili Oktoba 2013, watu wakashangilia. Baada ya wiki chache zikaanza stori za watu kuteswa, watu kufa, mifugo kupigwa risasi, operesheni ikasimamishwa, kamati ya bunge chini ya James Lembeli ikaleta ripoti, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakaondoka siku moja, Kagasheki, Nchimbi, Nahodha na Mathayo. Umma ni uleule! Ndani ya miezi mitatu ulitaka hifadhi zilindwe kwa nguvu zote na ukakataa nguvu zilivyotumika. Mi sioni kama ni unafiki. Watu walikuwa wanasema tembo walindwe, na raia asiteswe, yote mawili.

Halafu 2019. Januari Rais Magufuli akasimamisha kuondoa vijiji vilivyo ndani ya hifadhi, akaunda kamati ya mawaziri, mwisho wa siku ikatangazwa kwamba kati ya vijiji 975 vyenye migogoro, 920 vibaki. Wafugaji na wakulima wakapiga vigelegele. Mwaka huohuo, serikali hiyohiyo, hifadhi za taifa zikaongezeka kutoka 16 mpaka 22, Nyerere, Burigi-Chato, Kigosi, Mto Ugalla na nyingine, na wapenda uhifadhi nao wakapiga vigelegele. Rais mmoja, mwaka mmoja, kafungua na kafunga, na kote kashangiliwa. Nakumbusha tu kwamba Novemba 2019 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa na mwaka unaofuata uchaguzi mkuu. Na sio sisi peke yetu, Kenya mwaka 2005 Rais Kibaki alitaka kuishusha Amboseli kutoka hifadhi ya taifa iende kwa halmashauri ya Olkejuado, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya katiba ambapo kura za Wamasai zilikuwa zinatafutwa. Mahakama baadaye ikasema ile haikuwa halali.

Sasa niende Mbarali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mambo yote ya huu mjadala yamekutana pale.

Bonde la Usangu liko hapohapo Mbarali, mkoa wa Mbeya, mito inashuka kutoka milima ya Kipengere na Poroto inamwaga maji kwenye ardhi oevu ya Ihefu, maji yanatulia pale alafu yanatoka kidogokidogo yanakuwa Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanakwenda Mtera na Kidatu kutengeneza umeme. Kwa hiyo kwenye maji yaleyale kuna mkulima wa mpunga, kuna mfugaji (Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig, na Wasangu wenyewe), kuna kiboko wa Ruaha, na kuna mimi na wewe tunaochaji simu. Kuanzia 1993 mto ukaanza kukauka kiangazi, ule mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Umeme ukawa wa mgao. Nchi nzima ikauliza nani kamaliza maji?

Jibu lililokubalika haraka lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wanaonekana, wanatimua vumbi, wanakanyaga, na mwenye ng'ombe mara nyingi ni mgeni wa pale. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na Ihefu, malaki ya mifugo, wengine wakapakiwa kwenye malori kwenda Lindi na Pwani, ng'ombe wakafa njiani, watu wakalipa faini wakafilisika. Mwaka 2008 kwa tangazo la serikali, GN namba 28, Usangu ikaunganishwa na Ruaha, hifadhi ikawa na kilomita za mraba elfu 20 na zaidi, kubwa kuliko zote nchini wakati ule.

Je, mto ulirudi? Haukurudi. Umeendelea kukauka kiangazi. Na wataalamu walioipima Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenda 2000 walishasema kabla, kwamba kinachomaliza maji kiangazi zaidi ni mifereji ya umwagiliaji, maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, yakiwemo mashamba makubwa ambayo serikali yenyewe ilianzisha. Sisemi ng'ombe hawaharibu kitu, ng'ombe wengi kwenye ardhi oevu wanaharibu sana tu. Nasema kwamba maoni ya umma yalijengwa juu ya sababu ambayo haikuwa ndo kubwa, na watu walihamishwa kwa hiyo sababu, na baada ya kuhamishwa hakuna aliyerudi kuwaambia umma kwamba jamani tulikosea hesabu ya maji.

Ikaendelea. Oktoba 2022 waziri wa ardhi akatangaza Mbarali kwamba vijiji vitano na vitongoji 47 viondoke kupisha hifadhi. Julai 2023 mbunge wa Mbarali akafariki kwa ajali, uchaguzi mdogo ukaitishwa Septemba, na kampeni nzima stori ilikuwa GN 28, GN 28, utadhani GN 28 ndo mgombea. Baada ya hapo serikali ikarekebisha mpaka, sehemu ya ardhi ikarudi kwa wananchi na maeneo mengine yakabaki ndani. Wakati huohuo kulikuwa na mradi wa REGROW wa Benki ya Dunia wa kukuza utalii kusini, dola milioni 150, malalamiko ya wananchi wa kuzunguka Ruaha yakafika Washington, Aprili 2024 benki ikasimamisha kutoa hela, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Ukimuuliza mtu wa Mbarali leo "hifadhi ifunguliwe?" haelewi swali. Yeye hataki kuingia Ruaha kutazama twiga wala kulisha kule ndani Msembe, makao makuu ya hifadhi. Anataka kujua kigingi kiko wapi na mwakani kitakuwa palepale? Hilo ndo swali lake. Mtu ambaye mpaka wake unahama hawezi kuheshimu mpaka, kwanini auheshimu?

Twende kwenye sayansi kidogo, maana huko nako kuna kutupiana maneno. Kambi moja inasema ng'ombe na wanyama wameishi pamoja miaka na miaka, Ngorongoro ndo ushahidi. Kambi nyingine inasema ng'ombe ni jangwa. Ukweli uko kwenye majira. Kule Laikipia, Kenya, kituo cha Mpala, tangu 1995 kuna viwanja vimezungushiwa uzio kwa majaribio, vingine wanaingia ng'ombe tu, vingine wanyamapori tu, vingine wote. Matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha kwamba masika ng'ombe wanaokula pamoja na punda milia na wenzake wananenepa zaidi, kwa sababu wale wanyama wanaondoa majani makavu magumu na kuacha mazuri. Kiangazi mambo yanageuka, wanagombania kidogo kilichopo na ng'ombe anakonda. Sasa angalia hapo. Ombi la kufungua hifadhi huwa linakuja lini? Kiangazi! Hakuna mfugaji anayehangaika kuingia hifadhini masika wakati majani yamejaa kwake. Kwa hiyo muda ambao kuchanganyika kunafaa hakuna anayeuhitaji, na muda ambao unahitajika ndo kuchanganyika kunaumiza. Kwenye ukame wa Kenya wa 2022 wizara ya utalii ilihesabu tembo 205 waliokufa, nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, kati ya Februari na Oktoba, na mifugo ilikufa kwa mamilioni kwenye ule ukame. Mnyama na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa njaa ileile.

Na magonjwa pia yanakwenda pande zote mbili. Mmasai anajua asipeleke ng'ombe kwenye nyanda ambazo nyumbu wanazaa, Januari mpaka Machi hivi, kwa sababu ndama wa nyumbu wana ugonjwa unaoua ng'ombe, kwa hiyo majani mazuri kuliko yote anayaacha kwa lazima. Upande wa pili, mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa wa vijijini uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua kama theluthi yao. Na ugonjwa wa sotoka ulipochanjwa kwa ng'ombe, nyumbu wakaacha kufa wakaongezeka kutoka laki mbili na kitu miaka ya 1960 mpaka zaidi ya milioni. Ng'ombe alichanjwa, nyumbu akapona. Kwa hiyo anayechora mstari kati ya mifugo na wanyama kana kwamba ni dunia mbili, hajui anachokiongea, na anayesema hakuna shida yoyote wakichanganyika naye vilevile.

Suala lingine ni ng'ombe wa nani, na hili mi naona ndo linabadilisha maoni ya watu kuliko sayansi yote hiyo niliyoandika. Jaribu, mwambie mtu mjini kwamba mama fulani ana ng'ombe 12, ukame umekaza, kaingiza kwenye ukingo wa hifadhi wamekamatwa, wanapigwa mnada. Atasema huo ni uonevu. Mwambie mtu huyohuyo kwamba wamekamatwa ng'ombe 900 ndani kabisa ya hifadhi, wachungaji ni vijana wa kuajiriwa na mwenyewe hajulikani. Atasema wapigwe mnada wote. Sheria haiwatofautishi hawa wawili, na kibaya zaidi mwenye 900 ana wakili na simu ya kupiga, mwenye 12 hana. Faini inayotajwa kila siku ni laki moja kwa kichwa. Kwa mwenye 12 hiyo ni milioni na laki mbili, anauza ng'ombe wawili watatu kukomboa waliobaki, mwakani anarudi palepale kwa sababu majani hayajahama. Wafugaji wengi wanakuambia bora faini kuliko kesi, maana kesi ikienda vibaya mifugo yote inataifishwa.

Upande wa pili wa hiyo hesabu, tembo akivunja shamba lako au akiua mtu wako hulipwi fidia, unapewa "kifuta jasho" na "kifuta machozi". Kwa kanuni za 2011 familia iliyopoteza mtu ilipewa shilingi milioni 1. Weka milioni 1 ya mtu pembeni ya laki moja kwa kila ng'ombe aliyekula majani, utaelewa kwanini mtu wa kijijini anakuambia serikali inathamini wanyama kuliko sisi, na utaelewa kwanini hotuba ya watalii kupita milioni 2 mwaka 2024 haimgusi.

Haya, misitu. Hapa mjadala ni mpole kidogo kwetu ila una mafunzo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa 1992, wananchi wa upande wa mashariki, kule Mang'ula na Sanje, waliruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizokufa kwa siku maalum ya wiki. Hifadhi ya taifa kabisa, na kina mama wanatoka na mizigo ya kuni kichwani kihalali. Ilikwenda hivyo miaka mingi, wengine wakaanza kukata vibichi na kutega, Julai 2011 ruhusa ikafungwa. Hapo maoni yaligawanyika hata ndani ya kijiji kimoja, wapo waliosema ni sawa maana msitu ndo unaleta maji yetu, na wapo waliouliza tutapikia nini, na wote wawili walikuwa wanapika kwenye mafiga. Uganda kule Bwindi nao tangu miaka ya 1990 wameruhusu vijiji vya pembeni kuingia kwa makubaliano, dawa za asili, vifaa vya kusukia, mizinga ya nyuki, sehemu maalum na watu waliosajiliwa. Kuvuna mbao hawajaruhusu.

Kenya sasa. Septemba 2022 Rigathi Gachagua, hata mwezi hajamaliza kwenye unaibu rais, akasema wananchi warudishiwe kulima ndani ya misitu, ule mfumo wa shamba. Moto ukawaka! Watu wakakumbuka msitu wa Mau, wakakumbuka hekta 67,000 za misitu zilizofutwa 2001 kabla Moi hajaondoka, wakamkumbuka Wangari Maathai alivyopigania msitu wa Karura. Lakini ukituliza kichwa, mfumo wa shamba wenyewe ni wa tangu 1910 na wala hauhusu msitu wa asili. Serikali inavuna shamba la miti ya kupanda, misaipresi na misindano, mwananchi anapewa kipande alime viazi au maharage huku anapalilia miche, miche ikikua ikafunga kivuli anahama. Msitu unapandwa kwa gharama ndogo, mtu anakula. Kwenye karatasi ni mpango mzuri, na Tanzania kwenye mashamba ya miti ya serikali mambo yanayofanana na hayo yapo na hakuna anayepiga kelele.

Kilichowafanya Wakenya wakatae ni historia. Moi aliupiga marufuku 1987, ukarudi, 2003 ukapigwa marufuku tena, ukarudi kwa jina jipya la PELIS, na kila uliporudi vipande vilienda kwa watu wenye mtu, miche ilikufa kwa makusudi ili viazi viendelee, shamba likasogea mpaka likaingia msitu wa asili. Kwa hiyo Mkenya wa Nairobi aliyekuwa anapiga kelele 2022 alikuwa anapinga wale atakaowakuta wamekaa mlangoni wanagawa vipande. Mwaka uliofuata, Julai 2023, Ruto alipoondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu 2018, ikawa vilevile, watu wa mashine za mbao kule Molo wakashangilia kwa sababu miti iliyokomaa ilikuwa inaozea shambani, chama cha wanasheria kikakimbilia mahakamani.

Mfano wa kinyume upo Kilwa. Vijiji vina misitu yao wenyewe, mpingo humo, na tangu 2009 walipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Wanavuna, wanauza mbao, hela inaingia mfuko wa kijiji. Kijiji cha Nanjirinji wamejenga kwa hela ya miti yao. Kule ukisema "msitu ufunguliwe" watakushangaa, maana uko wazi kwao na umefungwa kwa mwizi, na wanaoufunga ni wao wenyewe, wanalala porini kuulinda. Mi sijaona elimu ya uhifadhi iliyowahi kufanya kazi kama hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ng'ombe Serengeti hapana. Hifadhi ya taifa ya miaka mingi, ambayo nyumbu wanahitaji kila kipande chake, ukifungua kiangazi kimoja hufungi tena, na watakaotangulia kuingia hawatakuwa kina mama wa ng'ombe 12. Ila kupandisha hadhi mapori usiku halafu kuwaita waliokuwepo wavamizi, hilo nalo hapana, na kule kwenye mapori tengefu yenye vijiji, malisho ya msimu kwa makubaliano yaliyoandikwa, idadi ya mifugo inayojulikana na mwenye mifugo anayejulikana kwa jina, sioni kwanini isiwezekane. Shida ni kwamba sera zetu huwa zinaenda kwa kishindo, ama fungua yote ama toa wote.

Na kuna jaribio moja limepita kimyakimya sana. Kigosi, ile iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2019, kilomita za mraba 7,460 huko Geita, Tabora na Shinyanga. Wananchi wa pembeni yake ni wafuga nyuki toka enzi, na hifadhi ya taifa ilipokuja mizinga ikawa kosa. Walilalamika mpaka 2023 bunge likaridhia kuifutia hadhi, ikawa hifadhi ya msitu chini ya TFS, ndo maana hifadhi za taifa sasa ni 21. Ni nadra sana nchi yoyote kuishusha hifadhi ya taifa, na sisi tumefanya bila kelele, kambi zote mbili za mitandaoni hata hazikugundua. Mizinga imeruhusiwa, ng'ombe bado hawaruhusiwi. Wafugaji wa Kahama na Bukombe wanaiangalia ile asali inavyotoka, na nina uhakika ombi lao limeshaandikwa.